Mwombaji wa Saba Akalia Kiti cha Kaka

“Nani amekwambia?”

“Kaka yako. Juzi.”

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolitupa gazeti chini ya kitanda wakasema hawasomi tena. Liokote, jamani. Hao watu hawajatoka kwenye kile chumba.

Kwa aliyekuwa safarini: Bosi ni mwanamke wa miaka thelathini kasoro mmoja, mwenye kampuni changa ya watu watano. Wanatengeneza kifaa kidogo kama kiberiti, kinachokaa ndani ya friji za dawa na kupiga kengele dawa zikianza kupata joto. Kifaa kilibuniwa na kaka yake. Kaka alifariki miezi minne iliyopita. Tangu siku hiyo kiti chake kiko wazi, wakala wa ajira ameleta waombaji sita, na Bosi amewafyeka wote sita.

Wiki iliyopita friji moja ilipata joto, kengele haikulia, dawa zikamwagwa. Kesho Ijumaa saa sita mchana zahanati zote zitavichomoa vifaa vyote arobaini na moja, asipopatikana fundi wa kueleza kilichotokea na kukirekebisha. Na vikichomolewa, alichokiacha Kaka hapa duniani kimekwisha.

Ndipo akaja mwombaji wa saba. Akakalia kiti cha marehemu, akaegemea kushoto ili kisilie, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Kisha akaandika ubaoni neno moja ambalo kifaa kinapaswa kulituma mambo yakiwa sawa: Shwari.

Neno la Kaka.

Bilauri iliyomponyoka Bosi wiki iliyopita ilikuwa bado vipande sakafuni. Hakuna aliyeinama.

“Kaka yangu tumemzika,” Bosi alisema.

“Najua. Pole sana.”

“Sasa juzi mmekutana wapi?”

“Ofisini kwa Mama Wasifu,” mwombaji alijibu. “Ila sikumwona. Nilimsikia tu.”

Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, fundi wa mitambo ya hospitali kwa miaka tisa, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mweupe pale mkono ulipokatika. Alisema maneno hayo kama mtu anayetaja saa.

Pembeni alikuwepo Mdomo, kijana wa mauzo, ambaye tangu aachishwe ziwa hajawahi kunyamaza dakika mbili. Siku hiyo alinyamaza dakika mbili.

“Bosi,” alisema hatimaye, “mimi nina mteja mjini.”

“Kaa chini.”

“Mteja muhimu sana.”

“Mdomo, kaa.”

Akakaa. Lakini alikivuta kiti chake hadi karibu na mlango, na mguu mmoja akauacha nje ya meza.

Mlango ukafunguka. Mdomo karibu apite dirishani.

“Hodi mmeisikia au nipige tena?”

Ni Mama Wasifu mwenyewe, mwenye kampuni ya wakala wa ajira, mama wa miaka hamsini na ushee. Jina hilo alipewa kwa sababu hutembea na bahasha za wasifu wa watu kifuani, kazikumbatia kama amebeba mtoto.

“Mama Wasifu, umeniletea nini wewe?” Bosi aliuliza.

“Nimekuletea fundi. Tena wa mwisho. Huyu ukimkataa nakurudishia karatasi yako, tuachane kwa salama.”

“Anasema ameongea na marehemu!”

“Hajaongea naye. Amemsikiliza. Huko aliko hata simu yangu haifiki, mwanangu, na hii simu inafika kote.”

Alivuta kiti, akatoa karatasi kwenye bahasha, akaisukuma mezani.

“Kabla sijakuonyesha kitu, nisomee hii. Kwa sauti.”

Ilikuwa orodha ya sifa ambayo Bosi aliiandika siku ya kwanza. Akaishika.

“Awe anajua programu za vifaa vidogo. Awe mtulivu. Awe hajibu barua kabla ya saa tatu. Awe anafunika kikombe kwa sahani anapofikiri. Awe…”

Akaishusha karatasi.

“Endelea. Zipo sifa ishirini na tatu.”

“Awe anaimba kwa pua akikosea.”

Mdomo alianza kucheka, akauona uso wa Bosi, kicheko kikarudi kilikotoka.

“Mimi natafuta watu mwaka wa kumi na nane huu,” Mama Wasifu alisema, safari hii polepole. “Nimetafuta marubani, nimetafuta wapishi, nimetafuta mpaka mtu wa kuogesha farasi. Ni mara ya kwanza napewa kazi ya kumfufua mtu.”

“Sikukusudia.”

“Najua hukukusudia, ndiyo maana nimevumilia. Lakini nilikuuliza mapema: kiti hiki kimebakije wazi? Ukaniambia mwenyewe kahamia nje ya nchi.”

Bosi aliangalia vipande vya bilauri.

“Wa kwanza ukamkataa. Nikakuuliza, ana kasoro gani, ili nikuletee mwingine asiyekuwa nayo? Ukaniandikia ‘Hapana’. Wa pili, ‘Hapana’. Wa tatu, ‘Hapana kabisa’. Nikasema heee, leo nimeongezewa neno.”

“Wa nne alikuwa mzuri,” Bosi alinong’ona.

“Wa nne alikuwa dhahabu! Ukamweka siku kumi na tisa bila jibu, wenzako wakamchukua. Wa tano ndiyo usiseme. Kumbe karatasi hii hii umewapa na mawakala wengine wawili bila kuniambia. Mtu wa watu akaitwa na sisi watatu kwa kazi moja, asubuhi moja. Akadhani ni matapeli, akazima simu. Mpaka leo mke wake akiniona anavuka barabara.”

“Nilikuwa na haraka.”

“Hukuwa na haraka. Ulikuwa na hofu.” Mama Wasifu aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Bosi. “Wakala ni mshenga, mwanangu. Mshenga anaambiwa yote, hata lile la aibu. Ukimficha, unamtuma akaseme uongo kwa watu.”

Kisha akatoa simu yake, akaiweka katikati ya meza.

“Sasa msikilize aliyeniambia ukweli.”

Akabonyeza.

Kwanza kilisikika kikohozi. Kifupi, mara mbili. Bosi alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

“Mama, hii imeshaanza kurekodi? Haya. Mimi moyo wangu una hitilafu. Daktari ameniambia niseme nyumbani, nimeshindwa. Dada yangu atakuja kwako, kwa sababu namba yako nitamwachia mezani. Atakupa orodha ndefu. Usiifuate. Atakuwa ananieleza mimi.”

Kiti kililia kwa mbali ndani ya ile sauti, kwii, na kila mtu chumbani alikitazama kiti alichokalia mwombaji. Kilikuwa kimetulia.

“Mwache awakatae. Usigombane naye. Wakifika sita, wa saba mchague wewe, kwa kazi, siyo kwa karatasi. Umsikilizishe haya. Mwambie kiti kinalia, aegemee kushoto. Mwambie neno ni Shwari. Dada akiyasikia hayo kwa mtu mgeni atakasirika, halafu atakaa chini.”

Bosi alikuwa amekasirika. Sasa alikaa chini.

“Na huyo wa saba asijifanye mimi,” sauti ilimalizia. “Aniambie nilipokosea. Kuna mahali nimekosea, nahisi, ila sipaoni.”

Simu ikazima taa.

Bosi alikumbuka. Namba ya Mama Wasifu aliikuta juu ya meza ya Kaka siku ya tatu baada ya mazishi, chini ya sahani ya kikombe. Miezi minne yote alidhani ameiokota kwa bahati.

“Alijua,” alisema. “Alikuwa anakula na mimi, anacheka na mimi, na alijua.”

Aliisukuma kando simu ya Mama Wasifu.

“Basi na mimi niseme,” akaendelea, akifuta uso kwa kiganja. “Bado ananiandikia.”

“Nani?” Mdomo aliuliza, ingawa alijua, na hakutaka kujibiwa.

Bosi alifungua simu yake, akawageuzia. Jina juu: Kaka. Chini yake safu ndefu ya meseji, moja kila siku, saa moja na dakika tano asubuhi. Zote neno moja. Shwari. Shwari. Shwari. Ya asubuhi hiyo hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye safu.

“Simu yake niliizima kwa mkono wangu. Imo kwenye droo hii. Sijamwambia mtu, maana mngenipeleka hospitali. Na… nilikuwa naingoja. Kila asubuhi naingoja.”

“Bosi,” Mdomo alisema kwa sauti ndogo, “yule mteja wa mjini…”

“Naomba droo,” mwombaji wa saba alisema.

Simu ya marehemu ilikuwemo, kioo kimepasuka pembeni, imezimwa, baridi. Akaigeuza mara moja, akairudisha.

“Na kompyuta yake.”

“Hajaifungua mtu tangu afe.”

“Ndiyo maana nimekuja kazini.”

“Sijakuajiri.”

“Basi niajiri.”

Mama Wasifu alikunja mikono. “Haya, jibu. Na leo usiniandikie ‘Hapana’, niko mbele yako.”

Bosi aliichukua ile karatasi ya sifa ishirini na tatu. Akaikunja mara mbili, akaichana. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu waombaji waanze kuja, aliuliza swali la kazi.

“Kwa nini friji ile ilipata joto na kengele haikulia?”

“Sijui,” mwombaji alisema. “Nipe nusu saa nikwambie.”

Kompyuta ilidai neno la siri. Bosi alilijua bila kuambiwa: siku ya kuzaliwa ya mama yao. Mama ni mjane, anaishi peke yake katika nyumba waliyozaliwa, na tangu mazishi mkono wake mmoja hauondoki kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Bosi aliandika tarehe. Mlango wa Kaka ukafunguka.

Nusu saa ni ndefu kama hakuna anayeongea. Mdomo alifagia vipande vya bilauri, akafagia na mahali pasipo na vipande. Kiti hakikulia hata mara moja.

“Kengele ililia,” mwombaji alisema.

“Haikulia! Zahanati nzima inasema haikulia.”

“Ililia mara kumi na moja. Njoo uone. Kila kengele inakwenda kwa fundi wa zamu. Na kwenye orodha ya mafundi wa zamu, mtu ni mmoja tu.”

Wote wanne waliitazama droo.

Friji ilikuwa imeomba msaada mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ilimpigia marehemu.

“Hapa ndipo alipokosea,” mwombaji alisema taratibu. “Hakuweka mtu wa pili.”

“Na mimi sikumtoa wa kwanza,” Bosi alisema. “Nilishaiona hiyo orodha, mwezi wa kwanza. Nilifika kwenye jina lake nikafunga kompyuta.”

“Kulifuta ni kazi ya dakika moja. Lakini bonyeza wewe. Mimi bado mgeni.”

Bosi aliinama juu ya bega la mwombaji. Alilifuta jina la Kaka herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na ilipobaki herufi ya kwanza alisimama. Mama Wasifu aligeukia dirisha. Mdomo akajifanya anatafuta ufagio alioushika.

Akaifuta.

Mahali pake akaandika namba yake mwenyewe, na chini yake akaomba namba ya mwombaji, akaiandika. Akabonyeza.

Friji arobaini na moja sasa zilikuwa na mtu aliye hai wa kumwita.

“Kesho saa sita nitakwenda kuwaona wa zahanati, wewe pembeni,” Bosi alimwambia mwombaji. “Tutawaambia ukweli wote, na droo tutaitaja. Umeajiriwa.”

“Nashukuru.”

“Mungu mkubwa,” Mama Wasifu alisema. “Miezi minne! Wengine hata ndoa wanaipata haraka zaidi.”

Bosi akacheka. Kicheko kibovu, cha kutu, lakini kicheko.

Ndipo simu yake ilipotetemeka.

Siyo mara moja. Kengele zilizokuwa zimekwama zilianza kumiminika kwa namba mpya, za zamani kwanza, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi hiyo.

KIFAA NAMBA 42. SI SHWARI.

“Arobaini na mbili?” Mdomo alisogea. “Hakuna arobaini na mbili. Vimeuzwa arobaini na moja, mimi ndiye niliyeuza, kimoja kimoja nakijua kama meno yangu.”

Mwombaji alikuwa ameshakitafuta kwenye kompyuta.

“Kipo. Kimesajiliwa kwa jina la kaka yako, na meseji zake hubeba jina lililo kwenye orodha ya zamu. Kimeambiwa hivi: joto likiwa sawa, kila asubuhi mpelekee Dada neno Shwari. Joto likiharibika, mpigie fundi. Likirudi, mpelekee Shwari tena.”

“Kumbe ndiyo meseji zangu,” Bosi alisema. Hakujua kama alichokisikia kifuani ni nafuu au msiba mpya. “Ni mashine tu.”

“Ni mashine. Lakini joto lililowekwa…” Mwombaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Nyuzi thelathini na tano mpaka thelathini na saba.”

“Friji gani ya hivyo?”

“Hiyo si friji, Bosi. Hilo ni joto la mwili wa mtu.”

“Kiko wapi?”

“Kimeandikwa: Nyumbani.”

Mkono mmoja usioondoka kifuani. Bosi aliuona mbele ya macho yake kama picha ukutani.

“Mama,” alisema. “Amemvalisha Mama. Kila asubuhi alikuwa ananiambia Mama mzima. Sasa hivi kinasoma ngapi?”

Mwombaji alikifunika kioo kwa kiganja.

“Ngapi!”

“Ishirini na nne. Tangu dakika hamsini zilizopita. Kengele ilikuwa imekwenda kwenye droo.”

Ishirini na nne ni joto la meza. Ni joto la ukuta.

Bosi alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena huku ameshanyakua funguo, ameshampita Mdomo, ameshashika kitasa. Akauvuta mlango kwa nguvu zote.

Nje alikuwa amesimama mama yake, mkono juu, tayari kubisha hodi.

“Mwanangu! Unakimbilia wapi?”

Bosi alimshika mabega, akamshika mashavu, akamshika mikono. Ya moto. Yote miwili ya moto, na hakuna uliokuwa kifuani.

“Mama, simu yako…”

“Nimeiacha mezani, uzee huo. Mbona unatetemeka?”

“Kifaa. Kile alichokuvalisha Kaka.”

Mama aliangalia chini kidogo.

“Alikwambia? Mimi alinikataza. Alinivalisha mwenyewe kwa uzi, akasema, mama, usikivue mpaka siku dada yangu atakapopata mtu wa kumsaidia kazi. Basi asubuhi huyu mwenzangu hapa, kaka yako alimwachia namba yangu, kanipigia” — akamwonyesha Mama Wasifu — “kasema leo anakuletea mtu, na leo hutakataa. Nikakivua. Nimekibeba shingoni miezi minne kama kaburi. Nikakiweka kitandani kwa kaka yako, juu ya mto, nikafunga nyumba, nikaja kukuona.”

Bosi alimkumbatia, akalia, akacheka ndani ya kilio. Mdomo naye akalia, kwa kelele kuliko wenye msiba. Mama Wasifu akagawa karatasi za kufutia uso. Hata wewe unayesoma ungesema haya, yamekwisha, tugeuze ukurasa wa michezo.

Kwii.

Kiti kililia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mwombaji wa saba alisahau kuegemea kushoto. Alikuwa amekaa wima, macho kwenye kioo cha kompyuta.

“Bosi,” alisema. “Kile kifaa kinapanda.”

“Kinapanda nini?”

“Joto. Ishirini na sita. Ishirini na tisa.”

“Jua,” Mdomo alisema haraka. “Jua limeingia dirishani. Si ndiyo, mama? Dirisha la chumba kile?”

“Chumba cha kaka yake hakina dirisha la jua,” Mama alisema. “Na nimefunga mapazia.”

“Thelathini na tatu.”

“Nyumbani kuna nani, Mama?”

“Hakuna mtu. Naishi na nani mimi?” Mama alifungua kiganja. Ufunguo wa nyumba ulikuwa humo, mmoja tu, umemwachia alama nyekundu kwa jinsi alivyoubana.

“Thelathini na tano,” mwombaji alisema, sasa kwa kunong’ona. “Thelathini na sita. Kimesimama hapo.”

Simu ikatetemeka mkononi mwa Bosi.

Juu hapakuwa na jina, maana jina alilifuta mwenyewe, herufi moja moja, siku ile ile. Lakini neno lilikuwa lile lile.

Shwari.